Kuchagua hedifoni za kufuta kelele: anza na pedi

Ukitafuta hedifoni za kufuta kelele kwa ajili ya safari na muziki, jambo la kwanza la kuangalia si chapa, si saa za betri, wala idadi ya maikrofoni iliyochapwa kwenye boksi. Angalia pedi, yaani mito laini ya vikombe vinavyofunika masikio, zinavyokaa kwenye kichwa chako. Pedi ikigusa ngozi mduara mzima bila kuacha upenyo, hedifoni ya daraja la kati itakupa utulivu wa kutosha ndani ya ndege, na besi itajaa. Ikiacha upenyo mdogo tu nyuma ya taya, hata hedifoni ya bei ya juu kabisa itapitisha mngurumo na muziki utasikika mwembamba. Watu wawili hununua modeli ileile, mmoja akaisifu na mwingine akairudisha dukani, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Vichwa vyao ndivyo vilivyotofautiana.

Wazo la kufuta sauti kwa sauti ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake Marekani mwaka 1936. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya Bose, alianza kulifanyia kazi kwa upande wa hedifoni baada ya safari ya ndege ya mwaka 1978, na kampuni yake ikaja kutoa hedifoni za marubani mwaka 1989. Kanuni haijabadilika tangu hapo: maikrofoni inanasa kelele, saketi inatengeneza wimbi lililo kinyume chake, spika inalitoa, na mawimbi hayo mawili yakikutana ndani ya kikombe yanafutana.

Kinachoweka mpaka ni urefu wa wimbi. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wa Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) una wimbi la mita 3.4 hivi, sauti ya Hz 1,000 ina wimbi la sentimita 34, na ya Hz 5,000 sentimita 7 tu. Wimbi refu hubadilika polepole, saketi ikapata nafasi ya kulifuata. Wimbi fupi likijibiwa kwa kuchelewa hata kidogo sana, jibu linaacha kuwa kinyume chake, na badala ya kufuta kelele linaiongeza. Ndiyo sababu elektroniki huachiwa sauti nzito, hadi karibu Hz 1,000. Juu ya hapo kazi inabaki kwa pedi, plastiki ya kikombe na sponji iliyomo ndani.

Ukishaujua mpaka huo, unajua pia utarajie nini. Injini za ndege, matairi ya basi kwenye lami, treni iliyoshika mwendo mmoja, kiyoyozi, feni: hizi ni sauti nzito zisizobadilika ghafla, na hedifoni nzuri huzishusha kiasi cha kukufanya udhani mtu amezima mashine. Mazungumzo, vijiko kugongana na matangazo ya kwenye spika hupungua tu. Kilio cha mtoto kina ukali mwingi kati ya Hz 2,000 na 4,000, eneo ambalo sikio la binadamu lina hisia kali zaidi, na ambalo saketi haina uwezo nalo. Tena mngurumo ukiondoka, sauti za watu wa kiti cha nyuma hujitokeza wazi kuliko mwanzo, maana kilichokuwa kinazifunika kimeondolewa. Wengi hapo hudhani hedifoni imeharibika, kumbe inafanya kazi yake sawasawa. Weka muziki kwa sauti ya chini juu ya pedi inayoziba vizuri, na maneno ya jirani hayataeleweka tena.

Kuhusu maikrofoni, zipo hedifoni zenye maikrofoni ya nje ya kikombe, zipo zenye ya ndani, na zipo zenye zote. Ya nje hunasa kelele mapema na kuipa saketi muda, lakini haijui kilichofika sikioni. Ya ndani inasikia kile unachosikia na inasahihisha, ila uwezo wake unaishia kwenye sauti nzito zaidi, na ikikosewa kupimwa hupiga mluzi. Mfumo wenye zote mbili ndio wa kuchukua, na hedifoni nyingi nzuri za sasa ziko hivyo. Kuhesabu maikrofoni hakukusaidii, kwa sababu baadhi zimewekwa kwa ajili ya kupigia simu tu.

Sasa turudi kwenye kuziba, maana hapa ndipo fedha inapopotea.

Upenyo unaharibu mara mbili. Unaingiza mngurumo kutoka nje, na papo hapo unaitoa nje besi ambayo spika inaitumia kuufuta mngurumo huo. Besi ya muziki nayo hutoka kwa njia ileile, kwa sababu sauti nzito ndani ya kikombe hutegemea hewa iliyofungiwa. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba hedifoni yake haifuti kelele na pia haina besi mara nyingi ana tatizo moja tu, na hahitaji kugusa mpangilio wowote kwenye programu kabla ya kulitatua.

Kulipima ni rahisi. Vaa hedifoni, washa kufuta kelele, simama karibu na feni, friji au kiyoyozi. Weka viganja juu ya vikombe vyote viwili na usukume kwa wepesi, kiasi cha uzito wa simu, kisha tulia sekunde mbili, kwa sababu mguso wenyewe hutoa mdundo mfupi ndani ya kikombe. Mngurumo ukishuka waziwazi, kuna mahali panavuja. Rudia muziki ukicheza: besi ikipanda unaposukuma, jibu ni lilelile. Baada ya hapo tafuta mahali penyewe kwa kupitisha ncha ya kidole kuzunguka pedi. Penye uvujaji mara nyingi ni chini ya ndewe, kwenye kibonde kilicho nyuma ya taya, hasa kwa watu wenye taya nyembamba. Pengine ni pale mkono wa miwani unapopita, au mbele kwenye mfupa wa shavu.

Marekebisho huanza na ukanda wa kichwani. Ukiwa mfupi mno, unavuta vikombe juu na sehemu ya chini ya pedi inaachia. Ukiwa mrefu mno, vikombe vinashuka na sehemu ya juu inaachia. Sogeza hatua moja kwa kila upande na upime tena kwa viganja. Usidhani pande mbili lazima zilingane, kwa sababu masikio ya watu wengi hayako kimo kimoja. Kisha sogeza kikombe nusu sentimita mbele au nyuma. Ondoa nywele, herini kubwa, ukingo wa kofia au kitambaa chochote kilichopita chini ya pedi. Ukimaliza yote hayo na kusukuma kwa viganja bado kunaleta tofauti kubwa, hedifoni hiyo haikufai.

Mwenye miwani ana kazi ya ziada. Mkono wa miwani hufungua mifereji miwili, mmoja juu yake na mwingine chini yake, na unene wake ndio unaoamua ukubwa wa mifereji hiyo. Mikono myembamba ya chuma huzama ndani ya pedi laini na hasara inakuwa ndogo. Mikono minene ya plastiki huinyanyua pedi kutoka kwenye ngozi, halafu baada ya saa moja inabana fuvu mpaka panauma. Tafuta pedi nene zenye sponji inayorudi polepole baada ya kubonyezwa: bonyeza kwa kidole gumba, achia, na alama ibaki kwa muda kabla ya kujaa tena. Pedi inayoruka juu papo hapo haitaufuata mkono wa miwani. Jaribu hedifoni ukiwa umevaa miwani utakayosafiri nayo, si nyingine.

Ukubwa wa tundu la pedi nao una uzito wake. Pima sikio lako kwa rula, urefu na upana, na tundu liwe kubwa kwa milimita chache kila upande. Angalia na kina: sikio linalogusa kitambaa cha ndani halitaleta shida dukani, lakini baada ya dakika ishirini ncha yake huanza kuwaka moto. Kuna vikombe vinavyoonekana vikubwa kwa nje huku tundu lake likiwa dogo, hivyo picha haitoshi.

Kuna pia uzito wa hedifoni yenyewe. Gramu 250 hivi ni nyepesi kwa hedifoni ya kufunika sikio, na Sony WH-1000XM5 iko hapo. AirPods Max inakaribia gramu 385, na tofauti hiyo inajulikana utosini katika safari ya usiku mzima, ingawa ukanda wake wa wavu unasambaza uzito vizuri. Kubana kuna pande mbili: kukipungua hedifoni inapwaya ukigeuza shingo, kukizidi taya inachoka. Hedifoni mpya hulegea kidogo kwa matumizi, lakini usikunje chuma cha ukanda kwa nguvu ili kuharakisha. Bawaba zikipinda, vikombe havilali tena sawa kichwani.

Dukani, au nyumbani katika siku ambazo bado unaruhusiwa kurudisha, jaribio lenye maana huchukua nusu saa, na mpangilio wake una sababu. Anza bila muziki. Ukiwasha kufuta kelele mahali palipotulia utasikia shhh nyepesi ya saketi; ikiwa inakukera ukiwa umekaa kimya, itakukera pia ukisoma kitabu kwenye treni. Sikiliza kama unapata hisia ya masikio kuvutwa, kama vile umepanda mlima kwa gari. Hakuna shinikizo la hewa lililobadilika. Ubongo unatafsiri hivyo upungufu wa ghafla wa sauti nzito. Wengine huizoea ndani ya siku chache, wengine hupata kichefuchefu na hawaizoei kabisa. Kwa hao, hedifoni yenye kiwango cha kufuta kelele kinachoweza kupunguzwa ni lazima.

Kisha sogeza taya kama unatafuna, geuza shingo huku na huku, tembea kwa haraka. Ukisikia mdundo kila hatua au kila unapomeza, pedi inaachia na kushika, na saketi inajaribu kufuata badiliko hilo. Ndani ya ndege huenda usiligundue. Kwenye basi linaloruka mashimo litakuchosha, maana mtikisiko mkubwa wa ghafla hutoa sauti nzito kupita uwezo wa spika, na unasikia mlio wa kukatika. Hili ni jambo ambalo majaribio yaliyofanywa chumbani hayalionyeshi, na kwa msafiri wa barabarani ni muhimu kuliko desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) mbili tatu za ziada.

Upepo ni adui mwingine. Ukipiga kwenye maikrofoni ya nje unageuka ngurumo ndani ya sikio. Ukisubiri kwenye jukwaa la treni au kutembea ufukweni, hedifoni isiyo na namna ya kupunguza upepo utaishia kuizima. Simama mbele ya feni uone.

Muziki uje baada ya hayo yote. Tumia nyimbo unazozijua ndani nje, zenye sauti ya mwimbaji iliyo wazi, gitaa la besi na matoazi. Ukilinganisha hedifoni mbili, hakikisha sauti inalingana, kwa sababu sikio huona yenye sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo bora, hata kwa tofauti ya desibeli moja. Sikiliza ukiwa umewasha kufuta kelele, halafu uzime. Kuna zinazobadilika sana: zikiwashwa besi inajaa, zikizimwa sauti inafifia. Ikiwa utazitumia safarini tu hilo si kitu. Ikiwa utazitumia pia usiku mahali tulivu, chagua zile ambazo tofauti ni ndogo.

Hedifoni nyingi za safari huja na besi iliyopandishwa makusudi, na kuna mantiki ndani yake: mngurumo unaobakia hufunika noti za chini, na mtu akisikiliza kwa sauti ndogo sikio lake huzisikia besi kwa udhaifu. Mahali palipotulia besi hiyohiyo inazidi. Rekebisha kwa kupunguza kilichozidi badala ya kupandisha kilichopungua. Mwimbaji akisikika amefunikwa, shusha desibeli 2 au 3 kati ya Hz 150 na 250, sikiliza nyimbo kadhaa, ndipo uguse kitu kingine. Kupandisha kila kitu humaliza nafasi ya saketi na sauti huanza kupasuka kwenye vilele.

Kuhusu kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth, nitasema kwa kifupi kwa sababu mjadala wake ni mkubwa kuliko faida yake. Kodeki ya LDAC hufikia kilobiti 990 kwa sekunde, ikiwa simu na hedifoni zote zinaikubali. iPhone hutumia kodeki nyingine, AAC, na haina LDAC. Mahali penye watu wengi na vifaa vingi, LDAC ya juu kabisa hukatikakatika. Weka kipaumbele kwenye muunganisho, si kwenye ubora, na tatizo linaisha. Ndani ya ndege inayonguruma, pedi iliyokaa vizuri itakuonyesha mambo mengi ya wimbo kuliko kodeki yoyote. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo. Programu nyingi za video hufidia ucheleweshaji huo, michezo ya simu haifanyi hivyo.

Faida kubwa ya kufuta kelele haiko kwenye starehe, iko kwenye usalama wa masikio yako. Kelele ndani ya ndege iliyo angani huwa kati ya desibeli 80 na 85 hivi. Asiye na kitu cha kuipunguza hupandisha muziki juu yake, akafika desibeli 90 bila kujua. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango cha usikilizaji salama kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Kila ongezeko la desibeli 3 hukata muda huo nusu: kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10, kwa 90 ni kama saa 4 za wiki nzima. Mngurumo ukishuka, muziki unatosha ukiwa kwenye kiwango cha mazungumzo ya kawaida. Simu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti. Uweke kabla ya safari, kwa sababu ukiwa umechoka katikati ya safari hutafanya hivyo. Lakini usizichukue hedifoni hizi kwenda nazo kiwandani au kwenye kuchimba kwa mashine. Haziwezi mipigo ya ghafla, na hazijapimwa kama vikinga masikio.

Safari nayo ina mambo yake madogomadogo ambayo mtu huyagundua akiwa amekwisha kaa kwenye kiti. Skrini nyingi za ndege hazina Bluetooth. Baadhi zina matundu mawili ya upande kwa upande, moja la sikio la kushoto na jingine la kulia, na ukichomeka pini moja ya kawaida ya milimita 3.5 unasikia upande mmoja tu. Adapta ya pini mbili ni kitu kidogo cha kubeba. Hakikisha hedifoni ina tundu la waya na waya wake umo kwenye kasha, kwani baadhi ya modeli hupokea waya kwa USB-C pekee, nyingine hazina kabisa. Uliza pia kama inacheza kwa waya betri ikiwa imekufa; kuna zinazokaa kimya kabisa. Njia mbadala ni kisambazaji kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye kiti. Kiunganishe na hedifoni nyumbani, si angani gizani. Na ukiwasha hali ya ndege kwenye simu, Bluetooth inaweza kuzimika. Iwashe tena peke yake wahudumu wakisharuhusu.

Kukunjika pia kunafaa kuzingatiwa. Sony WH-1000XM4 ya mwaka 2020 inakunjika, XM5 ya mwaka 2022 inageuza vikombe tu na kasha lake ni pana, na XM6 ya mwaka 2025 imerudi kukunjika. Kwa anayebeba begi dogo la mgongoni, tofauti hiyo ni ya kila siku. Hedifoni isiyokunjika hutupwa begini bila kasha, kisha bawaba inapokea uzito wa kompyuta.

Kwa upande wa betri, saa 20 hadi 30 huku kufuta kelele kumewashwa zinatosha safari yoyote, na zipo zinazozidi sana: Sennheiser Momentum 4 imetajwa saa 60. Hedifoni na benki ya chaji vyote vina betri ya lithiamu, hivyo benki ya chaji lazima iwe kwenye mzigo wa mkononi. Hedifoni nayo ni bora iwe huko. Ukiiweka kwenye mzigo unaokwenda chini, izime kabisa.

Wapo watakaouliza kama hedifoni ndogo za kuchomeka sikioni haziwezi kufanya kazi hiyohiyo. Zinaweza, na kwa mwenye miwani minene au anayeishi kwenye joto zinaweza kuwa bora, kwa sababu zinaziba ndani ya sikio na hazijali mikono ya miwani. Kila kitu hapo kinategemea mipira laini ya ncha inayoingia sikioni. Jaribu saizi zote zilizomo kwenye boksi, na kila sikio lijaribiwe peke yake. Si ajabu la kushoto likataka ya kati na la kulia likataka ndogo. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, zungusha kidogo kuelekea nyuma, achia. Sasa ongea kwa sauti: ukisikia sauti yako imekuwa nzito kwa kiasi kilekile pande zote mbili, pameziba. Upande ambao sauti yako inasikika ya kawaida ndio unaovuja. Mipira ya sponji huziba vizuri zaidi ya silikoni: iminye iwe myembamba, ingiza, shikilia nusu dakika mpaka ivimbe. Huchakaa ndani ya miezi, na hulainisha kidogo sauti za juu.

Udhaifu wa hizi ndogo ni betri. Saa 5 hadi 8 kwa chaji moja hazifiki mwisho wa safari ndefu bila kurudishwa kwenye kasha, na betri ndogo ikipungua kwa uzee unabaki na saa tatu. Wakati ndege inashuka, zilegeze au uzitoe, kwa sababu mpira unaoziba kabisa unayapa masikio shida ya kusawazisha hewa. Faida yake ni usingizi. Ukilala ubavu na hedifoni kubwa, kikombe kinasukumwa na mto, pedi inaachia, na maikrofoni iliyofunikwa inaweza kupiga mluzi.

Baada ya kununua, kinachoharibika kwanza ni ngozi bandia ya pedi. Jasho na mafuta ya ngozi huikausha, inapata mipasuko midogo, kisha inabanduka vipandevipande. Kabla hujaona mpasuko utasikia kelele zimeanza kuingia na besi imepungua, na wengi hulaumu sasisho la programu wakati sponji imelala na haijai tena. Futa pedi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila baada ya safari, bila spiriti, ziache zikauke hewani ndipo zirudi kwenye kasha. Kwenye joto, ndani ya vikombe hujikusanya umande wa jasho. Vua hedifoni dakika chache kila saa.

Kubadilisha pedi ni kazi ya dakika kumi katika modeli nyingi. Laza hedifoni juu ya taulo, penyeza kadi ya plastiki ya zamani kati ya pedi na kikombe, na uizungushe taratibu mpaka vishikizo viachie kimoja kimoja. Usivute ngozi yenyewe, utaichana na kuacha fremu imebaki. Piga picha ya ndani kabla hujagusa kitu: mara nyingi kuna duara jembamba la sponji au kitambaa mbele ya spika, na tundu la maikrofoni lililo karibu nalo halitakiwi kufunikwa. Panga vishikizo vya pedi mpya, bonyeza mzunguko mzima mpaka usikie kila kimoja kimeshika, kisha rudia jaribio la viganja. Pedi zisizo za mtengenezaji huweza kuwa nzuri, lakini zikiwa nene zaidi au laini zaidi ya za awali zinabadilisha umbali wa sikio na spika. Saketi imepimwa kwa umbali ule wa kwanza, kwa hiyo kelele hazifutwi sawasawa na sauti ya muziki inahama.

Upande mmoja ukianza kukoroma au kuacha kufuta kelele, angalia wavu wa maikrofoni ya nje kabla ya kufikiria fundi. Vumbi na unyevu huziba vitundu hivyo. Safisha kwa brashi kavu laini, kikombe kikiwa kimeelekezwa chini ili uchafu udondoke. Usipulize hewa ya mtungi, itasukuma uchafu ndani au kupasua utando wa maikrofoni. Kama unyevu ndio chanzo, acha hedifoni ikauke usiku kucha mahali pakavu bila kuiweka kwenye chaji. Kwa zile za kuchomeka, nta ya sikio kwenye wavu wa mbele hupunguza sauti upande mmoja kabla ya kuufunga kabisa.

Bandia zipo nyingi, na kufuta kelele ndiko kunakozifichua. Washa na uzime mbele ya feni: kwenye bandia tofauti ni ndogo mno au haipo, au unasikia shhh tu imeongezeka. Programu rasmi ya mtengenezaji haiitambui, na nambari ya utambulisho iliyo kwenye hedifoni hailingani na ya kwenye boksi.

Hedifoni ikikaa miezi bila kutumika, iache na chaji ya nusu hivi mahali pasipo na joto, na uichaji kidogo kila baada ya miezi mitatu. Iliyoachwa tupu kabatini betri yake huweza kushuka mpaka isikubali chaji tena. Iliyoachwa ndani ya gari juani huzeesha betri na gundi ya pedi kwa pamoja.